Kuku wa Kharumwa na Gari Lililoegeshwa

Ijumaa iliyopita nilikabidhi vitu vya ofisi: tepu ya kupimia, tochi, sumaku, kioo kidogo cha kutazamia chini ya gari, na funguo za kabati la mafaili. Aliyepokea alisaini bila kuuliza swali, kwa hiyo naanza na swali ambalo angepaswa kuuliza. Ile tepu imekatika mwanzoni. Sentimita kumi za kwanza hazipo tangu ilipokanyagwa na trekta pale Tinde. Ukisoma namba yoyote, toa kumi. Msipotoa, magari yote ya ukanda huu yataonekana yamegongwa juu kuliko ilivyo kweli, na makao makuu watadhani huku tunagongwa na tembo.

Ninyi vijana wa kitengo cha madai mliniomba niandike machache niliyoyaona kabla sijayasahau. Vyeo na mshahara sitavigusa. Vilikuwa vidogo na havina la kufundisha.

Niliingia ofisi ya Shinyanga nikiwa tarishi. Sehemu kubwa ya kazi ya tarishi ni kusubiri, na mtu anayesubiri husoma chochote kilicho karibu. Karibu yangu palikuwa na mkataba wa bima ya gari. Niliusoma wote, pamoja na yale maandishi madogo ya nyuma, kisha nikaurudia nikiwa na kamusi. Siku moja Mzee Bundala, aliyekuwa mkaguzi wa hasara, alifika kaunta akitafuta kifungu cha gari lililogongwa likiwa limeegeshwa. Nikamtajia ukurasa. Akanitazama juu ya miwani.

"Nani kakutuma usome hiyo?"

"Hakuna, mzee."

"Basi kesho njoo na viatu vya matope."

Huo ndio usaili pekee niliowahi kufanyiwa.

Safari yangu ya kwanza na Mzee Bundala ilikuwa ya Tinde. Mfanyabiashara wa mpunga, Mzee Maganga, alikuwa ameegesha gari lake kando ya soko, na basi dogo lenye bima kwetu likalibonyeza mlango. Tulimkuta amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Kuku walikuwa tayari jikoni. Alitupeleka nyuma ya nyumba, na huko tukaliona gari limeoshwa, limepakwa rangi na linang'aa kama la bwana harusi.

Mzee Bundala alilizunguka mara mbili. "Palipogongwa ni wapi?"

"Hapo kwenye mlango."

"Hapa hapana kitu."

"Ndiyo," alisema Mzee Maganga kwa fahari. "Nilisikia wageni wanatoka mjini kuja kuliangalia. Ningewaonyesha gari lililobonyea?"

Sikujua nicheke au niandike. Mzee Bundala hakufanya lolote kati ya hayo. Alitoa sumaku mfukoni akaipitisha taratibu juu ya mlango. Penye bati ilishika. Ilipofika katikati ilianguka chini, kwa sababu pale chini ya rangi palikuwa na pati, ile lipu ya mafundi bodi, na pati haina urafiki na sumaku. Akachora kwa chaki mpaka wa pale ilipokuwa ikianguka, na mbele yetu likatokea umbo la bonyeo lote, kama ramani ya wilaya. Akalipima urefu kutoka ardhini, akaenda kupima bampa la lile basi dogo, vikalingana. Ilibaki kumtafuta fundi aliyelinyoosha ili aandike alichokifanya, na dai likaenda vizuri. Lakini tulikuja mara tatu kwa kazi ya siku moja, na mara zote tatu tulikula kuku.

Njiani kurudi Mzee Bundala aliniambia neno ambalo nimelirudia kwa wateja mpaka wamelichoka. Gari lako likigongwa limeegeshwa, usilioshe, usilinyooshe, wala usilisogeze mpaka trafiki amelichora, isipokuwa limefunga njia. Lipige picha kutoka pande zote, kwanza kwa mbali ili barabara ionekane, halafu kwa karibu. Piga picha namba ya gari lililokugonga. Hakikisha kwenye simu kwamba bima yake bado ina uhai, maana wapo wanaotembea na bima iliyokufa zamani. Ukishapata taarifa ya trafiki, peleka dai kwa bima ya aliyekugonga. Nyumba yako pokea wageni ikiwa safi. Gari tuachie lilivyo.

Aina ya pili ya mteja nilikutana naye Ushirombo. Huyu hakuwa ametengeneza kitu. Aligongwa ubavu wa kushoto, akadai kushoto, kulia, mbele na nyuma. Nilimwonyesha kwamba michubuko mitatu kati ya minne ilikuwa na kutu, na kutu haiji kwa siku mbili. Akasema, "Basi andika huo mmoja, lakini hao wengine nao waliniumiza." Nikaandika huo mmoja. Nawaambia hivi ili msimchukie mtu wa namna hiyo. Wengi si wezi. Wamegongwa mara nyingi bila mtu kuwasikiliza, na wewe ndiye wa kwanza kufika na kalamu.

Sasa nifike Kharumwa, kwa Mama Kulwa, kwa sababu ndilo faili mnaloniuliza kila tukinywa chai, na mmekuwa mkilisimulia vibaya.

Wakati huo Mzee Bundala alikuwa amestaafu, na tepu ilikuwa mikononi mwangu, tayari imekatika. Mama Kulwa alikuwa na mgahawa wa mabati kando ya barabara. Kila siku saa sita mchana alipakia masufuria kwenye gari lake dogo la mzigo, wanaloliita kirikuu, akawapelekea chakula wachimbaji kwenye duara, yaani shimo la dhahabu. Wachimbaji si watu wa kuwachelewesha. Wana njaa, na kila mmoja ana sululu.

Asubuhi moja aliegesha kirikuu mbele ya mgahawa. Fuso lililobeba viroba vya mawe likirudi nyuma ili ligeuze likalibana kwenye kona. Bampa la kirikuu liliingia ndani likaikumbatia tairi. Dereva, kijana wa Singida aitwaye Shabani, alishuka, akaona, akaingia ndani. Mama Kulwa alinisimulia kilichofuata.

"Akaniamkia vizuri tu, 'Shikamoo mama.' Marahaba. Akaagiza wali. Akala. Akaagiza sahani ya pili. Nikasema, huyu ana njaa gete, kweli kabisa. Akaagiza chai. Akaniuliza watoto hawajambo. Hawajambo. Akauliza mvua za huku zikoje. Nikamwambia. Halafu ndiyo anasema, 'Mama, hilo gari la nje ni la nani?' Langu. 'Basi, mama, nimeligonga.' Sahani mbili, Bwana Bima. Alikula sahani mbili akitafuta pa kuanzia."

Lakini alisema, na hakukimbia. Alimsubiri trafiki mpaka akachora. Fuso lilikuwa na bima ndogo kwetu, na bima ndogo kazi yake ni kumlipa uliyemgonga. Dai lilikuwa jepesi kuliko yote niliyoyapokea mwaka ule.

Jioni yake Shabani alirudi kwa Mama Kulwa pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Luhende, kuomba radhi. Huku kwetu jambo haliishi mpaka watu wamekaa wakaliongea. Mama Kulwa alisamehe. Mzee Luhende, ambaye hapendi jambo lielee hewani, alichukua karatasi akaandika, wakasaini, akapiga mhuri. Wiki iliyofuata Mama Kulwa alijaza fomu ya madai akaituma Shinyanga, na ndani ya bahasha akaweka nakala ya ile karatasi ya msamaha. Hakuna aliyemwomba. Nilipomuuliza baadaye kwa nini aliiweka, alinijibu, "Nilitaka muone kwamba sisi ni watu wazuri, hatugombani."

Mwenzetu wa kaunta alisoma mstari wa kwanza akaandika juu ya faili kwa wino mwekundu: Mdai amesamehe, hakuna dai. Na kwa kweli bima inalipa kile ambacho mteja wetu anawajibika kulipa. Kama uliyegongwa umemfutia wajibu huo kwa saini na mhuri, hata sisi hatuna cha kulipa. Mtu anaweza kujifungia mlango kwa wema wake mwenyewe. Nimeona hivyo mara nyingi, na karibu wote walikuwa watu ambao ningependa kuwa jirani yao.

Mimi nilikuwa bado na ugonjwa wa utarishi, wa kusoma mpaka chini. Karatasi ilisema hivi: Mama Kulwa amemsamehe Shabani, na hatadai chochote kuhusu gari, kwake wala kwa mwenye fuso, mara Shabani atakapoleta kuku mmoja, wakala pamoja mbele ya mwenyekiti.

Nilikwenda na karatasi hiyo kwa meneja wetu, mama asiyependa maneno mengi. Aliisoma mara mbili.

"Huyu kuku ni zawadi au ni sharti?"

"Kwa ilivyoandikwa ni sharti."

"Ameshatolewa?"

"Karatasi haisemi."

"Basi nenda ukaulize. Na uandike utakachokiona, si utakachopenda kukiona."

Nilifika Kharumwa kabla ya saa tano. Kirikuu lilikuwa palepale, chafu, halijanyooshwa. Nilitamani kumpa Mama Kulwa mkono kwa hilo tu. Nilipima bonyeo, nikatoa kumi. Lilikuwa chini kidogo kuliko bampa la nyuma la fuso tupu, jambo ambalo lingemsumbua mkaguzi mgeni. Lakini fuso lenye viroba vya mawe hukaa chini kwenye springi zake, na trafiki alikuwa ameandika kwamba lilikuwa na mzigo. Mkumbuke hilo mkiwa Geita na vitongoji vyake, ambako malori huondoka mepesi na kurudi mazito.

Wakati napima, bodaboda alikuwa anafunga sufuria ya maharage nyuma ya kiti kwa mipira. Ndivyo chakula kilivyokuwa kinakwenda duarani tangu gari liharibike.

"Yanafika?" nilimuuliza Mama Kulwa.

"Maharage yanafika. Mchuzi unabaki njiani." Alijifuta mikono. "Msimamizi wa duara ameniambia nina mpaka mwisho wa mwezi. Nisipokuwa na gari, kazi anampa mama mwingine, wa Geita mjini. Na nikiikosa hiyo, Bwana Bima, huu mgahawa nitakaa nipike kwa ajili ya nani? Kwa hawa wanaopita wakinigonga?"

Mwisho wa mwezi ulikuwa siku tisa mbele. Gereji ilihitaji sita, na isingegusa gari bila kibali chetu.

Mzee Luhende alikuja, tukaketi. Nilitoa karatasi nikauliza lile swali ambalo halikuwa kwenye fomu yoyote.

"Mwenyekiti, kuku alikabidhiwa?"

"Bado. Kijana alisema akitoka safari ya Kahama."

"Anatoka lini?"

Mzee Luhende alitazama nyuma yangu, barabarani. "Leo," alisema. "Ndiyo huyo anaegesha."

Niligeuka. Fuso lilikuwa linaingia kando ya barabara, mbali kabisa na kirikuu, kwa tahadhari ya mtu aliyejifunza. Shabani akashuka akiwa na tabasamu, na kwapani ana kuku mweupe aliyefungwa miguu.

Nataka mwelewe niliposimama. Mimi nilikuwa mwajiriwa wa bima. Hatua ishirini za yule kijana zingefunga faili, ofisi yangu isingelipa kitu, na ningefika nyumbani mapema. Wala sikuwa na haki ya kumwambia arudi na kuku wake, maana mkaguzi hapangi matukio. Lakini wale watu watatu walikuwa wameandika kitu bila kujua kinafanya nini, na mimi nilijua. Nikaona nikinyamaza nitakuwa kama Shabani kwenye ile sahani ya pili.

"Shabani, simama hapo kwanza," nilisema.

Akasimama. "Shikamoo mzee. Kuna nini?"

"Marahaba. Sikilizeni wote. Kwa karatasi hii, kuku huyo akikabidhiwa, Mama Kulwa hana dai tena. Gari atatengeneza mwenyewe. Ni haki yenu kujua mlichokiandika. Mkitaka kiwe hivyo, Shabani aendelee kutembea."

Mzee Luhende alimtazama kuku kwa heshima mpya.

"Kumbe ana nguvu hivyo?" alisema.

"Mimi sikutaka iwe hivyo," alisema Shabani. "Mimi kuku nilimleta kwa ajili ya ile sahani ya pili."

"Na mimi nilisamehe ile sahani ya pili," alisema Mama Kulwa. "Gari nilijua ni la bima. Si ndiyo maana mna bima?"

Niliwaambia kwamba sharti lilikuwa halijatimizwa, hivyo bado walikuwa na nafasi ya kukubaliana upya, wote kwa hiari, na kuandika walichokuwa wanakimaanisha. Mzee Luhende akaandika karatasi ya pili: msamaha ni wa Shabani kula kwanza bila kusema, kuku ataletwa na watakula pamoja vilevile, na gari litapitia bima. Alipomaliza akajipapasa mifuko. Mhuri ulikuwa nyumbani.

"Saini haitoshi?" niliuliza.

"Ya kwanza ina mhuri. Ya pili ikikosa, ipi ni kubwa?"

Alikuwa sahihi. Akaondoka kwa miguu, bila haraka, mtu asiyewahi kukimbilia mhuri maishani. Shabani alibaki kwenye jua kali, kuku kwapani.

"Nimshike mpaka lini?"

"Mpaka mwenyekiti arudi."

"Ananichafua shati, mzee."

"Vumilia. Kwa sasa wewe ndiye kabati la ushahidi."

Kamba ilikuwa ya katani, na ilikuwa imelegea. Yule kuku alipiga mabawa mara mbili, akamponyoka Shabani, akapita katikati yetu na kuingia moja kwa moja jikoni kwa Mama Kulwa. Tulisikia mfuniko ukianguka.

Hakuna aliyesogea. Mama Kulwa aliinua mikono yake juu kama mtu aliyeshikwa na polisi.

"Sijamgusa," alisema. "Bwana Bima, andika sijamgusa."

"Lakini yuko jikoni kwake," alisema yule bodaboda wa maharage, ambaye alikuwa hajaondoka kwa sababu mambo yalikuwa matamu. "Si amefika?"

Wote wakanigeukia. Katika mkataba niliousoma nikiwa tarishi, mbele na nyuma, hakuna kifungu cha kuku aliyejipeleka.

"Kukabidhi ni tendo la mtu," nilisema. "Kuku hawezi kujikabidhi. Shabani, kamtoe."

Ilimchukua muda, na sufuria mbili. Alitoka na kuku, na unga kichwani, na Mama Kulwa alicheka mpaka akakaa chini. Ndivyo Mzee Luhende alivyotukuta. Wakasaini, mhuri ukapigwa, nikaandika saa. Ndipo Shabani akatembea zile hatua ishirini na kumkabidhi Mama Kulwa kuku kwa mikono miwili.

"Wabeja, asante mwanangu," alisema Mama Kulwa. "Sasa kaa ule. Na leo uanze kwa kusema."

"Leo sijagonga kitu, mama."

"Basi kula kwa amani."

Tulikula wali na maharage, mbele ya mwenyekiti, kama karatasi zote mbili zilivyotaka. Kuku hakuchinjwa. Mama Kulwa alisema hawezi kumla mtu aliyemsaidia.

Taarifa yangu ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu. Niliandika yote, pamoja na jikoni. Meneja aliisoma akiwa amefunika mdomo kwa mkono. Alinyoosha kidole kwenye sentensi isemayo kwamba wakati makubaliano mapya yanasainiwa, kuku alikuwa mikononi mwa dereva. "Una hakika?"

"Nilikuwa namtazama."

Akasaini kibali. Kirikuu lilitoka gereji siku moja kabla ya mwezi kwisha, na kesho yake saa sita mchana mchuzi ulifika duarani pamoja na maharage yake. Mama Kulwa anawalisha wale watu mpaka leo. Tangu siku ile sijawahi kufungua dai la gari lililoegeshwa bila kuuliza kama pana karatasi ya msamaha, na kama kuku amekabidhiwa. Fomu yenu mpya ya kwenye simu haina nafasi ya swali hilo. Mliulize kwa mdomo.

Nilidhani hapo ndipo ningeishia. Lakini Jumatatu, siku ya tatu ya kustaafu, niliegesha gari langu nje ya geti, na jirani yangu akalikwaruza kwa tela la trekta lake. Trekta hilo lina bima, namjua hata aliyemwandikia. Jirani alishuka, akavua kofia, akaniamkia kwa heshima, uso umemshuka.

Tepu sikuwa nayo tena, wala kalamu. Nikajisikia nasema, "Hapana neno, baba, yamekwisha, nimekusamehe."

"Asante sana mzee. Jioni nitakuletea kuku."

Hapo nikazinduka. Nilimshika mkono, nikamwomba tukae kwenye ukingo wa kibaraza, na nikamweleza kwa utaratibu, tangu mwanzo, kwa nini kuku huyo asitoke bandani mpaka trafiki aje.